Mji Mmoja, Mabaraza Matatu: Taarikhi ya Utawala wa Suzhou

Mwaka 1724, Kaisari Yongzheng wa nasaba ya Qing alipolikubali pendekezo la Zhabina, gavana mkuu wa majimbo ya Liangjiang, mji wa Suzhou, ambao kwa muda wa miaka elfu moja na ushei ulikuwa umegawanywa baina ya wilaya mbili, ulikatwa tena. Na tangu hapo, ndani ya ukuta mmoja uliozungukwa na handaki moja la maji, wakakaa mamudiri watatu, kila mmoja na boma lake, gereza lake, makarani na matarishi wake, chuo chake cha kuwasomesha vijana maandiko ya Confucius, na hata hekalu lake la mungu mlinzi wa mji. Wilaya ya Wu ilishika upande wa magharibi, Changzhou ikashika kaskazini-mashariki, na Yuanhe, ile iliyozaliwa kwa amri hiyo, ikapewa kusini-mashariki. Mtu wa Suzhou aliweza kuamka asubuhi katika wilaya moja, akavuka daraja kwenda kufanya biashara katika ya pili, akamzuru shemeji yake katika ya tatu, na jioni akarejea kwake bila ya kupita lango la mji hata moja.

Miji mikubwa ya Uchina iliyokuwa na wilaya mbili ndani ya ukuta mmoja haikuwa haba: Chang'an, makao makuu ya nasaba ya Tang, ilikuwa hivyo, na Guangzhou na Hangzhou zilikuwa hivyo vilevile. Lakini wilaya tatu katika mji mmoja ni jambo lililokuwa nadra mno, na mwenye kutaka kulifahamu sharti airudie taarikhi ya Suzhou tangu mwanzo wake, kwa sababu mipaka ile haikuchorwa na mtu aliyetazama mitaa, mifereji na mazoea ya wenyeji, bali ilichorwa na watu waliokuwa wameinamia madaftari ya kodi. Hilo ndilo ninalokusudia kulibainisha: kwamba mji huu ulikatwa na kuungwa, ukapandishwa na kushushwa daraja, aghalabu kwa ajili ya mchele na fedha zilizotakiwa na hazina ya dola, na kwamba raia wake walilijua jambo hilo, wakalisema, na wengine wao wakafa kwa kulisema.

Asili ya mji inarudishwa mwaka 514 kabla ya Masihi, pale Helü, mfalme wa dola ya Wu, alipomwamuru waziri wake Wu Zixu, mtu aliyekimbia nchi yake ya Chu baada ya baba yake na ndugu yake kuuawa, ampimie mahali pa kujenga makao yake makuu. Wu Zixu alichagua nchi tambarare iliyo mashariki ya Ziwa Tai, mahali ambapo maji yanapita kila upande, akajenga ukuta wenye malango manane ya nchi kavu na manane ya maji, kwa maana katika nchi ile mashua ilikuwa na haki ya kuingia mjini kama mwenye miguu. Dola ya Wu haikudumu. Mwaka 473 kabla ya Masihi ilimezwa na jirani yake Yue, na Yue nayo ikamezwa na Chu, hata majeshi ya Qin yalipoifikia nchi hiyo katika mwaka 222 na kuifanya mkoa wa Kuaiji, makao yake yakawa mjini hapo, katika wilaya iliyopewa jina la dola iliyokufa, yaani Wu. Miaka 13 baadaye, Xiang Liang na mwana wa ndugu yake, Xiang Yu, waliingia katika baraza la liwali wa mkoa huo, wakamkata kichwa, wakautwaa muhuri wake, na kutoka hapo wakaanzisha vita vilivyochangia sana kuiangusha Qin. Mwaka 129 baada ya Masihi, mkoa wa Kuaiji, ambao ulikuwa mpana kupita kiasi, ulikatwa vipande viwili, na sehemu ya kaskazini ikawa mkoa wa Wu, mji wetu ukiwa ndio kichwa chake.

Jina la Suzhou lilikuja mwaka 589, nasaba ya Sui ilipokwisha kuiunganisha Uchina. Muda si muda wenyeji wa kusini wakaasi, na jemadari Yang Su, aliyetumwa kuwatuliza, aliona kwamba mji ule wa kale haulindiki, hivyo mwaka 591 akaihamisha serikali na kuipeleka chini ya kilima kilichopo upande wa kusini-magharibi. Mji mpya haukushika mizizi. Mifereji, magati na masoko yalikuwa kule kwenye mji wa zamani, na mwaka 624, chini ya nasaba ya Tang, serikali ilirudi ilikotoka. Katika taarikhi yote ya mji huu sijaona mfano ulio wazi zaidi wa maji ya Wu Zixu kuishinda amri ya jemadari.

Mkato wa kwanza ulitokea mwaka 696, katika enzi ya Wu Zetian, mwanamke wa pekee aliyeikalia enzi ya Uchina kwa cheo cha kaisari. Sehemu ya wilaya ya Wu ilitengwa ikafanywa wilaya ya Changzhou, na mabaraza yote mawili yakawekwa ndani ya mji, kila moja likipewa nusu ya mitaa yake: mitaa 60 ilihesabiwa katika mji wa wakati huo, 30 ya Wu na 30 ya Changzhou. Sababu yake haina siri. Watu wa kaskazini walikuwa wakihamia kusini, mashamba ya mpunga yakiongezeka, na mudiri mmoja hakuweza tena kuzihakiki kaya zote na kuzidai haki ya serikali. Mwaka 778 Suzhou ilipandishwa daraja ikawa miongoni mwa mikoa ya heshima ya juu, na mwanzoni mwa karne ya tisa madaftari yake yaliandikwa kaya zaidi ya laki moja, jambo lililoufanya uwe mkoa wenye watu wengi kuliko mikoa yote ya jirani. Ndio mji aliopewa kuutawala mshairi Bai Juyi mwaka 825. Alikaa humo muda mfupi, macho yakimsumbua, lakini alichimba mfereji na kujenga njia ya Shantang kutoka lango la Chang hadi Kilima cha Chui-milia, masafa yanayohesabiwa kuwa li saba za Kichina, na watu wanaipita mpaka leo.

Nasaba ya Song iliupa mji jina la Pingjiang mwaka 1113, na kuutukuza kuwa mkoa wa daraja ya juu. Miaka 17 baadaye askari wa dola ya Jin waliingia, wakaua, wakapora na kutia moto. Mji uliojengwa upya juu ya majivu hayo ndio tunaoujua kwa yakini kuliko mji wowote wa Uchina wa zama zile, kwa sababu mwaka 1229 liwali Li Shoupeng aliamuru ramani yake ichongwe juu ya bamba la jiwe, ambalo kimo chake kinakaribia mita tatu, nalo lingali limehifadhiwa Suzhou katika hekalu la kale la Confucius. Humo umeonyeshwa ukuta na malango yake, mahekalu, kambi za askari, ghala, vyuo, madaraja zaidi ya mia tatu, na mifereji ikienda sambamba na njia, hata nyumba ikawa na mlango wa mbele wa kutembelea na mlango wa nyuma wa kuteremkia mashua. Mabaraza ya wilaya mbili, Wu na Changzhou, yamo. Lakini kinachoyavuta macho ni kitovu cha ramani, mahali palipokuwa na mji mdogo ndani ya mji mkubwa, wenye ukuta wake wenyewe, na ndani yake boma la liwali pamoja na afisi zake, bustani zake na makazi yake. Mchongaji aliuchora kwa ukubwa na kwa uangalifu ambao haukupewa jengo jingine lolote, kwani aliyeiagiza kazi ile alikuwa akikaa humo.

Mji ule mdogo ulimalizika kwa damu, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa utuvu, kwa kuwa kinaonyesha jinsi jambo la afisi, la matofali na maboriti, lilivyoweza kuwa kesi ya uhaini. Nasaba ya Kimongoli ilipoanza kulegea, Zhang Shicheng, mtu aliyeanza maisha yake kwa kusafirisha chumvi, aliuteka mji mwaka 1356, akakaa katika lile boma la katikati, na mwaka 1363 akajitangaza kuwa mfalme wa Wu. Hasimu wake alikuwa Zhu Yuanzhang, mtoto wa maskini aliyekuwa akielekea kuwa kaisari wa kwanza wa nasaba ya Ming. Majeshi ya Zhu yaliuhusuru mji kwa muda wa miezi kumi, na ulipoanguka mwaka 1367 lile boma liliteketea kwa moto. Mkoa ukarudishiwa jina la Suzhou, na liwali akapewa afisi katika jengo jingine, mbali na mahali pale ambapo wenyeji, ambao hawakumchukia Zhang, walikuwa wakipaita magofu ya mfalme.

Ndipo akaja Wei Guan, liwali mwema, aliyependwa kwa kuvifufua vyuo na kwa heshima aliyowapa wazee wa mji. Jengo alilolikuta lilikuwa dogo na bovu, akaona ni haki kulirudisha boma la mkoa katika kiwanja chake cha asili, na kama ilivyokuwa desturi siku ya kupandisha boriti kuu ya paa, akamwomba rafiki yake Gao Qi, mshairi aliyekuwa hodari kuliko wote wa zama zake, amwandikie maneno ya baraka. Kamanda wa askari wa mji akapeleka habari kwa kaisari kwamba liwali anakijenga upya kiti cha mfalme aliyepinduliwa. Mwaka 1374 Wei Guan aliuawa, na Gao Qi, ambaye umri wake haukufika miaka 40, alikatwa vipande viwili kiunoni. Tangu siku hiyo hakuna liwali aliyethubutu kukigusa kiwanja kile, hata kikabaki kitupu katikati ya mji uliosongamana watu kwa karne tano na nusu, mpaka kilipofanywa bustani ya watu wote katika miaka ya 1920.

Adhabu nyingine ya Suzhou haikuwa ya upanga, ilikuwa ya vipimo vya mchele. Katika hisabu za mwaka 1393 mkoa wa Suzhou, ambao mashamba yake yalikuwa kiasi cha sehemu moja tu katika mia ya mashamba yote ya dola, ulitakiwa kutoa shi 2,810,000 za nafaka, na shi moja ilikuwa ikizidi lita mia. Nazo zilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya kodi yote ya nafaka ya Uchina. Wenyeji walisema kwa vizazi vingi kwamba kaisari anawalipizia kisasi kwa kumnusuru Zhang Shicheng. Wanataarikhi wanataja zaidi sababu ya mashamba: ardhi kubwa ya nchi ile ilikuwa imetaifishwa na serikali zilizopita na kisha na Zhu mwenyewe, na mkulima wa ardhi ya serikali alilipa kodi iliyofanana na ijara ya shamba. Mimi naona sababu hizo mbili hazipingani, maana kutaifisha mali za matajiri waliokuwa upande wa adui ni kisasi kilichokwisha kuingizwa daftarini. Lililo dhahiri ni kwamba Zhu Yuanzhang hakuwaamini watu wa Suzhou na jirani zao hata kidogo, kiasi cha kuwakataza wasishike kazi katika wizara ya hazina, wasije wakaipunguza hisabu ya kwao.

Deni likarundikana mwaka hadi mwaka, wakulima wakatoroka, na mzigo wa aliyetoroka ukaangukia jirani yake aliyebaki. Mwaka 1430 serikali ilimleta Kuang Zhong awe liwali. Hakuwa mtu wa mitihani mikubwa. Alianza kazi kama karani, na kwa hiyo hila za makarani alikuwa akizijua. Siku za kwanza alijifanya mjinga, makarani wakimzunguka na kumwekea mbele karatasi hizi na hizi, naye akitia saini alivyoelekezwa, wakafurahi kwa kuona wamepata bwana wa kumchezea. Siku ya tatu aliwaita wote barazani, akawatajia mmoja mmoja ni jambo gani alilomzuia asilifanye ingawa lilikuwa la haki, na jambo gani alilomsukuma alifanye ingawa lilikuwa la dhulma, na waliozidi kwa uovu akawaua papo hapo. Adhabu hiyo ni kali kwa fikira zetu. Kisha akaungana na Zhou Chen, mkaguzi mkuu aliyetumwa na serikali kusimamia kodi za nchi ile, wakapiga hisabu upya, wakaandika barua baada ya barua kwenda Beijing ambako wizara ya hazina iliwapinga na kuwatuhumu, hata wakafaulu kuipunguza kodi ya Suzhou kwa zaidi ya shi 700,000. Mwaka 1441 muda wake ulipokwisha, watu zaidi ya 20,000 walimwendea mkaguzi wa serikali kumwomba asihamishwe. Akarudishwa, akafia kazini. Miaka mia tano baadaye, mwaka 1956, watu wa Beijing walijaa ukumbini kumwona akiigizwa katika mchezo wa opera ya Kunqu uitwao Mafungu Kumi na Tano ya Fedha, ambamo yeye ndiye hakimu anayekataa kuwaua watu wawili wasio na hatia.

Hapa inafaa kutaja jambo moja lenye kutuhusu sisi wa pwani. Katika nchi ya mkoa huohuo, pale mto Liu unapomwagikia katika mdomo wa Yangtze, ipo bandari ya Liujiagang, na hapo ndipo zilipokusanyikia merikebu za jemadari wa bahari Zheng He kabla ya kushuka kusini na kuingia katika Bahari ya Hindi. Merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, na twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya Kaisari Yongle mwaka 1415. Mwaka 1431, kabla ya safari yake ya mwisho, Zheng He alisimamisha bamba la jiwe la shukrani katika hekalu la mungu mke wa mabaharia bandarini hapo. Safari zilipokoma, bandari ikapungua shughuli, lakini nchi iliyoizunguka ilikuwa na watu wa kutosha, na mwaka 1497 ilitengwa kutoka katika wilaya tatu za mkoa wa Suzhou, ikawa wilaya kubwa ya Taicang.

Nasaba ya Qing ilipoingia kwa nguvu za Wamanchu, kodi ile nzito ilirithiwa pamoja na vitu vingine. Mwishoni mwa mwaka 1660 wilaya ya Wu ililetewa mudiri aitwaye Ren Weichu, ambaye aliwatandika viboko wenye deni la kodi bila ya kuchagua mzee wala kijana, na huku akiuza mchele wa ghala ya serikali kwa siri. Mapema mwaka 1661 kaisari alifariki, na maofisa wa jimbo wakakusanyika Suzhou kumwombolezea. Wanachuoni wa mji waliiona fursa: wakaenda kwa wingi katika hekalu la Confucius, wakalia mbele ya sanamu ya mwalimu wao kama desturi ilivyowaruhusu waliodhulumiwa, kisha wakamwendea gavana wakiwa na mashitaka dhidi ya mudiri. Gavana Zhu Guozhi alikuwa upande wa mudiri. Akaandika kwamba wameyavuruga maombolezo ya kaisari na kuzuia ukusanyaji wa kodi. Watu 18 walikatwa vichwa Nanjing mwaka huohuo, miongoni mwao Jin Shengtan, mhakiki wa vitabu ambaye sharhe zake za riwaya zilisomwa Uchina nzima. Haikutosha. Katika mwaka uleule ikaletwa orodha ya waheshimiwa wote wa mikoa ya jirani waliokuwa na bakaa ya kodi, na watu 13,000 na ushei wakavuliwa vyeo vyao vya elimu. Inasimuliwa kwamba Ye Fang'ai wa Kunshan, aliyekuwa ametoka wa tatu katika mtihani mkuu wa dola, alipoteza cheo chake kwa deni la sarafu moja.

Baada ya kuyajua hayo, amri ya 1724 haina tena kitendawili. Zhabina alieleza kwamba wilaya za Suzhou, Songjiang na mikoa ya karibu zinadaiwa kodi kubwa mno na zina kesi nyingi mno kwa mudiri mmoja, kwamba bakaa haiwezi kukusanywa, na kwamba dawa yake ni kuzikata. Wilaya mpya 13 zikazaliwa kwa pamoja, na nyingi kati yao hazikupewa mji mpya, ila ziliwekwa katika miji ya wazazi wao. Yuanhe ilitolewa ubavuni mwa Changzhou. Taicang ikatengwa na Suzhou na kujitegemea. Lakini kaisari aliyekubali kukata wilaya alitambua pia, na hili lazima aandikiwe, kwamba wingi wa mamudiri hauondoi uzito wa kodi, na mwaka 1725 akaipunguzia Suzhou liang 300,000 za fedha. Kupunguza huko kuliwafaa watu kuliko ule mkato.

Mji ukajaa serikali. Gavana wa Jiangsu alikaa Suzhou, na mtunza hazina wa jimbo, na kadhi mkuu wa jimbo, na liwali wa mkoa, na msimamizi wa viwanda vya hariri vya kaisari, na chini yao mamudiri watatu, ambao kila asubuhi walikuwa na wakubwa wengi wa kwenda kuwaamkia kabla ya kufungua mabaraza yao. Daoqian, njia iliyopita mbele ya boma la kadhi mkuu, ingali na jina hilo hadi leo. Mipaka ya wilaya iliyokatiza katika mitaa ya wafumaji na wapiga nguo iliwalazimisha watawala kushirikiana: mwaka 1734 mudiri wa Changzhou alisimamisha bamba la jiwe la kuwakataza wafumaji wasigome kazi, ila mfumaji aliyekatazwa kugoma upande mmoja wa daraja aliweza kukusanyika na wenziwe upande wa pili, kwa hiyo matangazo ya mambo ya kazi, bei na vyama vya wafanyabiashara yalianza kutolewa kwa majina ya wilaya tatu pamoja, Changzhou, Yuanhe na Wu, na mawe ya namna hiyo yamesalia kwa wingi. Hata miungu ilifuata utaratibu huo. Katika siku za kuwakumbuka wafu, miungu walinzi wa mkoa na wa wilaya walibebwa kwa machela, na ngoma na mabendera, kupitia njia ya Shantang hadi Kilima cha Chui-milia, kwenda kuwalisha mizimu wasio na jamaa, na watu wa mji mzima walijipanga kandokando ya mfereji kutazama, bila ya kujali ni mungu wa wilaya gani anayepita.

Vita vya waasi wa Taiping viliukuta mji katika hali hiyo na kuuacha umevunjika. Askari wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma mwaka 1860 waliyachoma moto maduka ya nje ya lango la Chang, mahali palipokuwa na soko tajiri kuliko yote ya nchi ile. Taiping wakaingia, wakaufanya mji kuwa makao makuu ya jimbo lao, na mwisho wa 1863 jemadari wa serikali Li Hongzhang akaurudisha na kuwaua majemadari waliokuwa wamejisalimisha kwake. Jambo jema moja lilitoka katika msiba huo. Feng Guifen, mwanachuoni wa wilaya ya Wu, alikuwa amesema na kuandika kwa miaka mingi juu ya kodi ya Suzhou, na mwaka 1863 hoja zake zilipopelekwa na Li Hongzhang pamoja na mwenziwe serikalini, Zeng Guofan, kaisari alikubali kuipunguza kodi ya mchele ya Suzhou, Songjiang na Taicang kwa sehemu moja ya tatu. Ilikuwa imepita karibu karne tano tangu mzigo ule uandikwe.

Tarehe 5 Novemba 1911 gavana wa mwisho, Cheng Dequan, alijitangaza kuwa upande wa mapinduzi bila ya risasi kupigwa. Inasimuliwa kwamba aliamuru vigae vichache vya paa la boma lake viangushwe kwa mwanzi, ili isisemwe kwamba mapinduzi hayakuvunja kitu. Mwaka uliofuata Jamhuri iliufuta mkoa wa Suzhou, na Changzhou, iliyokuwa imeishi miaka 1,216, na Yuanhe, iliyokuwa imeishi chini ya miaka mia mbili, zikarudishwa katika wilaya ya Wu. Mji ukawa na baraza moja tena, kama kabla ya Wu Zetian. Kutoka 1928 hadi 1930 ulijaribu kusimama peke yake kama manispaa, ukashindwa, ukarudi Wu. Wajapani waliukalia kuanzia Novemba 1937. Ni baada ya kuingia kwa jeshi la Wakomunisti, tarehe 27 Aprili 1949, ndipo mji ulipotengwa na wilaya yake moja kwa moja, na katika miaka ya hamsini sehemu zake zikapangwa kuwa Pingjiang, Canglang na Jinchang, yaani tatu kwa mara nyingine.

Wilaya ya Wu yenyewe, iliyoanzishwa na Qin, ilifanywa mji wa daraja ya wilaya mwaka 1995, na mwanzoni mwa 2001 ikavunjwa na ardhi yake kugawanywa kuwa Wuzhong upande wa kusini na Xiangcheng upande wa kaskazini. Viwanda vilihitaji nafasi, na eneo kubwa la viwanda lililoanzishwa mwaka 1994 kwa ushirika na Singapore lilikuwa likipanuka upande wa mashariki.

Mji wa kale, kilomita za mraba 14 na ushei ndani ya handaki la Wu Zixu, ulipata bahati nyingine. Mwaka 1982 ulitiwa katika orodha ya kwanza ya miji 24 ya kihistoria ya kulindwa, wapimaji wakaugawa katika vipande 54 vya kutengenezewa kimoja kimoja, na majengo yakawekewa mpaka wa kimo cha mita 24. Mwaka 1997 bustani zake nne zikaingia katika urithi wa dunia, na 2000 nyingine tano. Lakini ulinzi uliogawanywa baina ya wilaya tatu, kila moja na bajeti yake na haja yake ya mapato, ulikuwa mgumu, na mwaka 2012 Pingjiang, Canglang na Jinchang zikaunganishwa kuwa wilaya moja ya Gusu, ambayo papo hapo ilitangazwa kuwa eneo la kitaifa la kuuhifadhi mji wa kihistoria. Huu, kwa kadiri nilivyoifuatilia taarikhi hii, ndio mpaka wa kwanza uliochorwa kwa kuutazama mji wenyewe. Wapo waliosikitika kuyaona majina matatu yanafutwa, na masikitiko yao yalikuwa na haki, hasa kwa Pingjiang, jina lililobebwa tangu zama za Song. Mwaka 2017, idara ndogo za mitaa ya Gusu zilipopunguzwa kutoka 17 hadi 8, tatu katika hizo nane zilipewa majina ya Pingjiang, Canglang na Jinchang.